Roma haikufa mwaka 476

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya Jumapili iliyopita kuhusu chimbuko la elimu ya Ulaya. Mwandishi kasema Dola ya Roma ilianguka mwaka 476, elimu ikazimika, na vitabu vya Wayunani vikaja kufufuliwa na Waitaliano karibu miaka elfu moja baadaye. Nimefundisha historia sekondari miaka 31. Maneno hayo hayo niliyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, na ndiyo maana siwezi kuyaacha yapite.

Kilichoanguka 476 ni upande wa magharibi. Upande wa mashariki, makao yake Konstantinopoli (Istanbul ya leo), uliendelea hadi 1453. Watu wake walisema Kiyunani lakini walijiita Warumi. Jina la Bizanti walibandikwa na wasomi wa Ulaya dola ikiwa imeshakwisha. Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Anayesoma Sura ya 30 ya Kurani anakuta Warumi wameshindwa. Ndio hao, miaka ile Waajemi walipowapokonya Sham na Yerusalemu. Na bibi yangu, ambaye hakuingia shule hata siku moja, alikuwa akipepeta mchele huku akighani beti za Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Herekali wa utendi ule ni Kaisari Heraclius, aliyetawala Konstantinopoli tangu 610 hadi 641. Jina lake nilikuwa nalo masikioni tangu utotoni, nikaenda chuo nikafundishwa kwamba dola yake ilikufa kabla yeye hajazaliwa!

Elimu nayo haikuzimika. Ni kweli waligombana vibaya juu ya picha za watakatifu, Makaisari wakizipiga marufuku, hadi Theodora, mjane wa Kaisari Theophilus, alipozirudisha mwaka 843. Askofu Leo wa Thesalonike, aliyekuwa upande wa wapinga picha, alipoteza kiti chake. Lakini alikuwa bingwa wa hesabu, na Bardas, kaka wa Theodora huyo huyo, akamweka kuongoza shule katika jumba la Magnaura.

Kisha yupo Photius. Alikuwa ofisa wa ikulu, hata upadri hana, pale watawala walipomwondoa Ignatius, Patriaki, yaani mkuu wa kanisa la Konstantinopoli, mwaka 858. Akapandishwa madaraja yote ya kanisa kwa muda wa wiki moja tu, na siku ya Krismasi akawa Patriaki. Mwaka 867 Basil akatwaa kiti cha enzi akawa Kaisari, na Photius naye akaondolewa. Huko kifungoni alimwandikia Kaisari kulalamika kwamba amenyang'anywa hata vitabu. Photius huyu ndiye aliyemwandikia ndugu yake Tarasios muhtasari wa vitabu 280 alivyosoma. Karibu nusu yake leo havipo tena popote, na vingine tunavijua kwa sababu yeye alivieleza.

Mwandishi wa makala angetazama pia bei. Mwaka 888 Arethas, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria, alilipa sarafu 14 za dhahabu kwa nakala ya kitabu cha Euclid, bingwa wa hesabu wa Wayunani wa kale, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mwaka 895 akalipa 21 kwa nakala ya mwanafalsafa Plato: 13 ujira wa mnakili, 8 bei ya ngozi. Akaandika maelezo yake pembeni mwa kurasa, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Nakala zote mbili zimehifadhiwa Oxford hadi leo. Watu wanaotoa dhahabu namna hiyo kwa ajili ya hesabu na falsafa, utasemaje wako gizani?

Sehemu ya pili ya makala imeahidiwa Jumapili ijayo, nayo itawahusu Waitaliano. Ninamwomba mwandishi aeleze walikovipata vitabu. Ataje kwamba Manuel Chrysoloras, aliyekuwa mjumbe wa Kaisari, alianza kuwafundisha Kiyunani watu wa Florence mwaka 1397, na kwamba Kardinali Bessarion, Myunani mzaliwa wa Trebizond (Trabzon ya leo, Uturuki), aliwakabidhi Venice maktaba yake mwaka 1468.

Mwalimu mstaafu,
Tanga