Picha za MRI zisizolingana haziwezi kusema uvimbe umekua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwasemee wagonjwa wa uvimbe wa ubongo. Wengi hupigwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) Unguja, baada ya miezi kadhaa wakapigwa tena Dar es Salaam au India, kisha wakaambiwa uvimbe umekua. Huenda kweli umekua. Lakini huenda pia kilichobadilika ni mpangilio wa mashine tu, na hilo lazima liangaliwe kabla ya kubadilisha matibabu.

Dawa anayochomwa mgonjwa mshipani wakati wa kupigwa picha hizo ina madini ya gadoliniamu. Penye uvimbe mkali, ukuta wa mishipa midogo ya ubongo huwa umeharibika, dawa ikavuja na sehemu ile ikang'aa kwenye picha za T1, aina ya picha za MRI inayoonyesha dawa hiyo. Mng'ao huo hutegemea kiasi cha dawa, muda uliopita tangu ichomwe na namna mashine ilivyopangwa.

Tuanze na dawa. Dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo. Kwa dawa nyingi hiyo ni mililita 0.2 kwa kilo, yaani mililita 12 kwa mtu wa kilo 60. Dawa iitwayo gadobutrol imekolea mara mbili, kwa hiyo mtu huyo huyo atachomwa mililita 6. Uzito ukikisiwa kwa macho badala ya mizani, dozi imeshaharibika. Muda nao una uzito wake: vivimbe vidogo vilivyosambaa hadi kwenye ubongo huonekana vyema zaidi dakika 5 hadi 10 baada ya dawa. Anayepiga picha mara tu baada ya sindano anaweza kuvikosa. Dakika hizo zitumike kupiga picha za T2, aina nyingine ya picha za MRI.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni la TR, yaani muda kati ya pigo moja la redio na jingine. Kwenye picha ya T1 ya kawaida, ile ipigwayo kwa mbinu iitwayo spini eko, TR huwa milisekunde 400 hadi 700. Mpigaji akitaka vipande (picha za tabaka moja moja la kichwa) vingi zaidi vifunike kichwa chote kwa mkupuo mmoja, huivuta hadi 1,000. Picha hutoka safi, ya kupendeza, lakini uvimbe umefifia, kwa sababu tishu za kawaida nazo zimepata muda wa kurejesha nguvu zake na tofauti imepungua. Sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hufanya kinyume chake: dozi ile ile huonyesha mng'ao mkubwa zaidi kuliko kwenye tesla 1.5.

Unene wa kipande pia hudanganya. Uvimbe wa milimita 3 ndani ya kipande cha milimita 5 huchanganyika na ubongo ulio jirani ukapauka, au huangukia kwenye nafasi kati ya vipande usionekane kabisa. Vipande vya milimita 1 vya 3D hupunguza tatizo hilo.

Picha ya kabla ya dawa isirukwe, na ipigwe kwa mpangilio ule ule wa picha ya baada yake. Damu iliyokaa siku kadhaa baada ya upasuaji hung'aa yenyewe kwenye T1, na bila picha ya kwanza itasomwa kuwa ni uvimbe uliobaki. Kwenye tundu la jicho, shingo na uti wa mgongo, mng'ao wa mafuta uzimwe, la sivyo utauficha uvimbe.

Tunaziomba hospitali ziandike kwenye ripoti jina la dawa, mililita zilizochomwa, saa ya sindano na saa ya picha. Mgonjwa anayevuka kutoka Pemba asichukue filamu peke yake. Aombe sidii yenye mafaili ya DICOM, yaani picha zenyewe za kidijitali pamoja na maelezo yake, kwani ndani yake TR, unene wa vipande na nguvu ya sumaku vimeandikwa, na aikabidhi kabla hajaingia kwenye mashine, ili mpigaji afuate mpangilio ule ule.

Wataalamu wa radiolojia,
Unguja