Harambee ya Mwalimu Wetu: Upasuaji Umepita, Matibabu Bado

Wazazi, wahitimu na marafiki wa shule yetu hapa Kayole, hamjambo?

Mwalimu wetu wa Gredi ya 3, aliyepoteza usikivu wa masikio yote mawili baada ya homa ya uti wa mgongo, amepandikizwa kifaa cha koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti) katika sikio la kulia. Michango yenu ilisaidia kumfikisha hapo, nasi tunawashukuru sana. Tumerudi kwenu kwa sababu wengi wanauliza: kama kifaa kimewekwa, mbona hajarudi darasani?

Kifaa hiki hakirudishi usikivu wa zamani. Waya mwembamba ulioingizwa ndani ya koklea huamsha mshipa wa kusikia kwa umeme, na sehemu ya nje, inayonasa sauti, huwashwa kidonda kikishapona. Siku ilipowashwa alisikia makelele kama ya redio isiyoshika stesheni. Sauti ya mumewe na ya bintiye hakuweza kuzitofautisha. Ubongo huzizoea sauti hizo kwa miezi mingi, huku mtaalamu wa usikivu akirekebisha kifaa mara kwa mara. Hayo tulielezwa mapema.

Kizunguzungu ndicho kimetuumiza. Viungo vya usawa wa mwili vimepakana na koklea, na majimaji yake yameungana, hivyo upasuaji unaweza kuvisumbua. Homa ile nayo huweza kuvidhuru. Wengi hupata nafuu baada ya siku au wiki chache. Yeye bado. Akigeuza kichwa ghafla hushika meza. Ngazi za ploti hupanda mkono ukiwa ukutani, na gizani, macho yasipomsaidia, hatoki peke yake. Matatu za Jogoo Road hatuwezi kumruhusu apande. Makanga hamngoji mtu ashike chuma.

Kwa hiyo tunachangia mazoezi ya usawa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, marekebisho ya kifaa, betri, na teksi ya kumpeleka kliniki na kumrudisha. Mia moja ya mzazi mmoja inapokelewa kwa heshima ileile.

Kilele ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, uwanjani. Atakuwepo. Mkimsalimia, simameni mbele yake auone mdomo, mzungumze mmoja mmoja.

Asiyeweza kufika atume kwa M-Pesa kwa mweka hazina wa kamati ya wazazi. Namba yake imeandikwa kwenye kadi za mchango walizopewa watoto. Tafadhali msitume kwa namba nyingine yoyote.