Mwanangu, bibi yako kaacha daftari

Mwanangu mpenzi,

Najua bado una kinyongo kwamba bibi kazikwa hujafika, lakini mama, sisi maiti hatumlazi, kafa alfajiri na ikifika magharibi watu tushatoka makaburini zamani, hata ungepata ndege saa ile ile usingemkuta. Usijilaumu kabisa. Siku kumi na moja hizi kila nikishika simu nikuandikie naishia kulia, leo nimesema naandika hivyo hivyo machozi yakija yaje.

Tumemkadiria miaka 92. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, yeye alikuwa anasema tu kwamba chama cha TANU kinaanzishwa, yaani 1954, keshaolewa na mjomba wako mkubwa keshaanza kutambaa, basi hesabu piga mwenyewe.

Wewe umemjua bibi wa barazani na tasbihi, bibi wa kukufichia visheti kwenye kopo la maziwa. Mimi nataka umjue na yule wa kabla. Mama alikuwa muimbaji wa lelemama pale Kariakoo, enzi za zile nyumba za vyumba sita na ua nyuma, kabla ya maghorofa. Lelemama wewe hujaikuta, wanawake wanapanga mstari, doti za kanga sare, wanacheza kwa mikono na shingo taratiiibu, miguu haiendi mbali, kazi yote iko kwenye sauti. Vikundi vilikuwa vingi na kila kimoja kina viongozi wake, sare zake na mfuko wake wa pesa, mwenzenu akifiwa au akiozesha mnajua nani analeta nini.

Hivi ile Barabara ya Bibi Titi Mohamed uliyokuwa unapita na daladala kila siku, ulishajiuliza? Bibi Titi naye alikuwa muimbaji wa ngoma jamani, kikundi chake kilikuwa kinaitwa Bomba, na 1955 TANU ilipotaka wanawake yeye aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja mmoja, maana ukishampata kiongozi na wenzake wanakuja, ndani ya miezi michache wakaingia wanawake maelfu. Wanaume wengi walikuwa na hofu, serikali ya mkoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa, lakini muuza vitumbua nani atamfukuza kazi? Mama alikuwa muuza vitumbua. Kadi yake aliificha kwenye debe la mchele, babu yako mzaa mama alikuwa karani serikalini na hakujua mpaka siku mchele ulipoisha. Hilo alinisimulia mara nyingi sana na kila mara anacheka mpaka anajishika mbavu, mimi siku hizi ndio naona alikuwa na moyo wa namna gani.

Sasa ule upatu ulioning'inia chumbani kwake, ulikuwa unadhani ni pambo. Ile ni ala. Sahani ya shaba, katikati imeingia ndani kidogo kwa kupigwa miaka yote ile, ukipitisha kidole unasikia kama kishimo cha shavu. Alikuwa anaipiga kwa kijiti huku anaimba, na sauti yake haikuwa nyororo nisikudanganye, ilikuwa na mkwaruzo, ilikuwa inapanda juu halafu inabaki huko huko mpaka unamuonea huruma, halafu inashuka pole pole. Na ngoma ikiisha sahani ile ile inageuzwa, wanaweka pesa za mchezo humo humo. Ndio maana kwake upatu wa kupiga na upatu wa kuchanga ulikuwa kitu kimoja, alikuwa hatenganishi. Kuna ubeti aliutunga mwenyewe, unaanza hivi, "Jirani ukisikia, usingoje kuitiwa", mtaa mzima walikuwa wanaujua, hata wale vijana wa bajaji.

Na kweli hakuwa anangoja. Yale masufuria makubwa matatu, majamvi na masinia chini ya kitanda chake, ni ya mtaa, yeye mtunzaji tu. Msiba ukitokea saa nane usiku wanamgongea dirisha, anatoa, anaandika kwenye daftari nani kachukua. Sharti lake moja, yarudi yamesuguliwa kwa mchanga. Safari hii waliokuja kuyachukua hawakugonga dirisha, waliingia tu wakainama chini ya kitanda wenyewe, mimi nimekaa kwenye mkeka nawatazama, nikaona mmoja kasimama kidogo na mfuniko mkononi kama anatafuta wa kumuaga. Hapo ndipo nilipovunjika mwanangu, sio makaburini. Wali wa msiba wake umepikwa kwenye sufuria zake, na zimerudi zinang'aa, Wallahi nimezikagua.

Daftari lenyewe ninalo. Kurasa za mwanzo kaandika kwa herufi za Kiarabu, maana yeye alisoma chuoni, yaani madrasa, za kirumi kajifunza ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, basi ukilifungua upande huu kuna nyimbo, ukiligeuza upande ule kuna majina ya upatu na tiki za kila mwezi. Nimemuomba ustadhi jirani anisomee zile za mbele, tumefika wimbo wa kumi na tisa. Nakurekodia kwenye wasapu kidogo kidogo, sauti yangu sio kama yake lakini utapata mahadhi.

Sasa kuna jambo. Upande wa upatu mstari wa nane kuna jina lako. Nikadhani nimesoma vibaya, nikamuuliza mshika fedha wao, akasema ndio, bibi alikuwa anakuchangia elfu kumi kila mwezi tangu ulivyosafiri, hataki niambiwe, alisema mtoto akirudi asikute yuko nje ya mchezo. Mwezi huu nimekulipia mimi. Zamu yako ya kupokea ni mwezi wa tatu, na wenzake wanauliza kama utakuja mwenyewe au nipokee.

Mama yako