Mwagieni maji kwanza kinyesi cha njiwa

Mhariri,

Makala yenu ya ufugaji wa njiwa nimeisoma mara mbili, maana ndege hawa nimewafuga hapa Ngamiani tangu ujana. Mliyosema kuhusu chakula chao na makinda ni kweli tupu. Lakini mlipofika kwenye mbolea, kwamba kinyesi kikishakauka kikwanguliwe na kutiwa gunia, nililiweka gazeti chini. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi Januari.

Nilikwangua uchafu wa miezi mitatu, mlango wa banda nimeurudishia ndege wasitoke. Vumbi likatanda, nikapiga chafya, nikaendelea. Mchicha ulikuwa unasubiri. Siku kama kumi baadaye nikashikwa na homa, kichwa kikigonga usiku kucha, na kikohozi kikavu. Malaria hakuna. Nikapewa amoksilini, siku tano homa iko palepale. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, nacho hakuna. Nimeonwa na madaktari wawili, wa tatu, binti mdogo kwa mwanangu wa mwisho, ndiye aliyeuliza: "Shikamoo babu. Nyumbani mnafuga nini?"

Akasema kipimo cha kuthibitisha hana, ila nimonia iliyoonekana kwenye picha ya kifua pamoja na habari za banda zinamtosha kushuku sitakosisi, homa ya kasuku. Nikamwambia kasuku sijawahi kumfuga. Akacheka. Jina tu ndilo la kasuku. Njiwa, bata na bata mzinga nao huibeba, na mara nyingi ndege mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Akanipa doksisaiklini. Siku ya tatu jasho likanimwagika, homa ikashuka, nami nikaamriwa nimeze hadi wiki mbili zitimie. (Wenzangu msikimbilie dukani kuinunua. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi hivihivi.)

Kasheshe ilikuwa cheti. Daktari aliandika jina la kimelea, Chlamydia psittaci. Mke wangu, aliyefanya kazi kliniki ya wajawazito miaka mingi, alisoma neno la kwanza akanikata jicho. Ikabidi twende wote tukaelezwe kuwa hiki ni ndugu tu wa kile cha zinaa, chenyewe huingia kwa pumzi, ndani ya vumbi la kinyesi na manyoya. Nashukuru tulielezwa mapema.

Jirani aliyekuwa akinunua makinda kwangu akaacha kuja. Nimemwambia nyama ikiiva haina tatizo, na mtu kumwambukiza mwenzake ni nadra sana. Bado anafikiria.

Njiwa sikuwauza. Siku hizi nalowesha sakafu kwa maji yenye dawa ya klorini, nasubiri kidogo, kisha nazoa kikiwa tope, dirisha wazi na barakoa usoni. Ndege akijikunyata manyoya yametutumka, macho yanatoa machozi na kinyesi cha kijani, namtenga na kumwita bwana mifugo. Mgeni kutoka mnadani hukaa tundu lake peke yake kwanza, kwani msongamano na safari humfanya ndege atoe vimelea zaidi.

Naomba toleo lijalo mrekebishe ile sehemu ya mbolea. Hapa mtaani kwetu vijana wawili wameshaikata makala ile na kuibandika mlangoni mwa banda.

Mfuga njiwa,
Ngamiani, Tanga