Salamu za Krismasi: Panga ziwe majembe

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa Mbagala na Dar es Salaam nzima. Majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Sikukuu hii ni yenu pia, kama Idi inavyokuwa yetu.

Majilio yote nimetembea na lile neno la nabii Isaya, kwamba watu watafua panga zao ziwe majembe. Je, silaha zote zikikusanywa, chuki nayo itakwisha?

Majirani zetu wa Rwanda walituonyesha jibu chungu. Mwaka 1994 waliuawa watu wapatao 800,000 kwa muda wa siku mia moja hivi, wengi wao kwa panga na rungu. Panga lile lile la kufyekea shamba! Nani angepita nyumba kwa nyumba akusanye hayo? Lakini kabla panga halijainuliwa, redio ilikuwa imeshaifanya kazi yake: jirani aliitwa mende mpaka akaonekana mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, pale Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wa redio hiyo, RTLM, na mhariri wa gazeti la chuki la Kangura.

Na hapa kwetu? Mtu akipigiwa kelele za mwizi, hakuna anayehitaji bunduki. Mawe yapo, tairi lipo, petroli inapatikana. Wanaomzunguka ni sisi sisi, wa misa ya kwanza na wa swala ya Ijumaa. Jambo hili linaniumiza kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kukusanya silaha ni kazi bure. Hasira ya dakika moja ikikuta bunduki karibu, mama hapati hata nafasi ya kuingia katikati. Kule Msumbiji, baada ya mkataba wa amani wa 1992 uliomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, Baraza la Kikristo likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane lilianza mwaka 1995 kupokea bunduki kwa kubadilishana: ukileta silaha, unapewa jembe, cherehani au baiskeli. Bunduki zikakatwa vipande, na wasanii wakaunganisha vyuma vile kuwa viti na sanamu. Nabii naye hakusema panga zitupwe tu. Mkono ulioachia silaha ulipewa kitu cha kufanyia kazi, na nadhani hapo ndipo mipango mingi ya serikali zetu inapoishia njiani.

Hata Msumbiji haikupona moja kwa moja. Oktoba 2017 mauaji yalianza Mocímboa da Praia, karibu na mpaka wetu wa Mtwara, na miongoni mwa washambuliaji walikuwamo vijana waliozaliwa baada ya vita vile kwisha. Bunduki za baba zao zilikatwakatwa. Wao walikua bila ajira, wakijiona wamesahaulika, na likapatikana kundi la kuwasikiliza. Vijana wetu wa vijiweni wanasikilizwa na nani?

Krismasi hii naomba tuwakumbuke wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, wakilinda amani ya watu wengine. Familia zao huipokea kila Desemba kwa namna yao. Kama mnaijua mojawapo, pelekeni pilau, mkae nao.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu zangu.