Maji yamepata njia Makupa, sasa tuilinde pwani ya Kibarani

Mhariri,

Tangu daraja jipya la Makupa, linalounganisha kisiwa cha Mombasa na bara, lifunguliwe Agosti 2022, mazungumzo yamekuwa ni msongamano wa malori na zile shilingi bilioni 4.5 za kulijenga. Kwangu mimi, jambo kubwa liko chini ya daraja: maji yanapita.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, Waingereza waliivusha pale kwa daraja walilolipa jina la waziri mkuu wao, Salisbury. Miaka ya 1920 pakajazwa mawe na udongo, likawa tuta. Magari yalipata njia, lakini mkondo wa bahari wa Tudor na ule wa Port Reitz ikatengana. Kwa takriban miaka 90 maji yakijaa yaligota kwenye tuta, yakipwa yanarudi yalikotoka, tope na taka zinabaki palepale. Hata bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, haikufua dafu.

Juu ya hayo tukaongeza jaa la taka la Kibarani, papo hapo kando ya tuta. Sisi wa Changamwe na Miritini hatujasahau: matatu ikikaribia pale madirisha yanafungwa, leso puani, na moshi unapenya vivyo hivyo. Huo ndio uliokuwa mlango wa mji wetu. Jaa lilipofungwa na minazi kupandwa tulishukuru kwa dhati.

Ila minazi na nyasi ni pambo. Kinachoshika udongo wa pwani na kulea kaa, kamba na samaki wachanga ni mikoko. Naiomba serikali ya kaunti iipande ukingoni kote pale, na iwashirikishe wavuvi, maana wao ndio wanaojua maji yanakokwenda sasa baada ya tuta kuondolewa.

Tena ukanda ule ubaki kuwa wa umma. Tazama bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, kule kisiwani, tangu ukarabati wa 2019: jioni hapakaliki kwa watu, familia nzima na mihogo yao na madafu. Huku bara hatuna mahali kama pale, na ardhi ya ufukweni inavyonyemelewa hapa Mombasa kila mtu anajua. Wapimaji watumwe waweke mawe ya mipaka kabla ya masika, na ramani ibandikwe ofisi ya chifu tuione kwa macho yetu.

Mkaazi wa Changamwe,
Mombasa