Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuja. Karatasi zenye madoa ya rangi ulizoziona mezani ni kazi ya kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, iliyoasisiwa na mwanabotania Mrusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20, alipotenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika unga wa chaki. Sisi tunatumia karatasi ya kuchujia, na tunaanza na juisi ya unga ya madukani.

Juisi ya kijani ikidondoshwa kwenye karatasi hiyo na maji ya chumvi yakaachwa yapande, kijani hutoweka na kuacha njano na bluu, ambazo lebo ya pakiti huzitaja kwa namba za rangi za chakula: njano ni tatrazini, yaani E102, na bluu ni E133. Hata hivyo, kwa macho peke yake hatujathibitisha kitu. Tunapima umbali uliopandwa na kila rangi, tunaugawa kwa umbali uliopandwa na maji, kisha tunalinganisha uwiano huo na wa rangi safi iliyopanda kwenye karatasi ileile. Mstari wa kuanzia huchorwa kwa penseli, maana wino wa kalamu nao ungepanda pamoja na sampuli. Hayo tuliyaandika daftarini tangu zamani, lakini tumeyaelewa maabara.

Kwa mchicha, badala ya maji tunatumia kimiminika cha asetoni, tukikiweka mbali na moto, kwa sababu rangi za majani, yaani klorofili na karotini, haziyeyuki katika maji.

Mheshimiwa, swali linalotukwamisha ni la kiasi, na kwetu ndilo zito zaidi. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye tatrazini viwe na onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Mzazi akituuliza glasi moja ina kiasi gani, tunachoweza ni kuandaa miyeyusho ya viwango vinavyojulikana na kulinganisha kwa macho, ambayo hayatofautishi njano mbili zinazokaribiana. Kifaa kiitwacho spektrofotometa hupima mwanga unaofyonzwa na myeyusho, kwa tatrazini ule wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 427, na kutokana na kipimo hicho kiasi hukokotolewa.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kifaa hicho, hata kilichotumika, pamoja na rangi safi za kulinganishia. Mwalimu wetu yuko tayari kutufundisha kukitumia.

Naomba kuwasilisha.